Kinga na Moto Wake

Neno kinga katika Kiswahili lina maana mbili zilizokaa jirani bila ya kugombana. Kinga ni kitu kizuiacho madhara: mkono ulioinuliwa mbele ya uso, dawa ya kuepusha maradhi, boma lililozunguka mji. Kinga vilevile ni kipande cha ukuni kinachowaka, na wahenga walisema kuwa kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kwa maana ya kwanza kinga huzuia. Kwa maana ya pili huunguza. Yaweza kuwa haya ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati tu. Walakini, bahati ya lugha mara nyingine huwasha taa mahali ambapo hoja ilikuwa ikipapasa gizani. Kati ya maana hizo mbili limekaa swali la maadili: ulinzi wa haki uishie wapi? Mlinzi aliyevamiwa ana ruhusa ya kuunguza kiasi gani cha nyumba ili adui asikae ndani yake? Na kama adui hawezi kutolewa bila ya nyumba kuteketea, je, ni aibu au ni hekima kumfungia chumbani akiwa hai?

Swali hili limewagawa watu tangu zamani. Wenye rai ya kwanza husema kuwa uovu hauna kiasi, na kwa sababu hiyo kuupinga kwa kiasi ni kushirikiana nao. Adui aliyebakizwa, husema, ni adui aliyelishwa. Wenye rai ya pili hujibu kuwa hasira ni hasara, na kwamba walinzi wengi walioapa kutomwacha adui hata mmoja walimaliza kazi yao wakiwa wamesimama juu ya majivu ya watu waliotaka kuwalinda. Kila upande una vita vyake katika historia, na kwa kuwa kila upande huchagua vita viupendezavyo, mjadala hauna mwisho. Yafaa basi ushahidi utafutwe mahali pasipo bendera wala wimbo wa taifa, ambapo mlinzi hana cheo cha kutafuta wala kisasi cha kulipa. Mahali pamoja pa namna hiyo ni pafu la mwanadamu, na ushahidi wenyewe ni mwenendo wa seli T mbele ya kifua kikuu.

Adui ajulikane kwanza. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kuwa kifua kikuu huletwa na bakteria, akaonyesha namna ya kumwona na kumkuza. Bakteria huyu hana haraka. Wako bakteria ambao hugawanyika kila baada ya dakika ishirini. Yeye huhitaji karibu siku nzima. Husafiri hewani katika vitone vidogo sana vitokavyo kinywani mwa mgonjwa akohoapo, asemapo au aimbapo, na akivutwa na pumzi ya mtu mwingine hushuka mpaka katika vifuko vya hewa vilivyo mwisho kabisa wa pafu. Huko hupokewa na seli za ulinzi ziitwazo makrofaji, yaani walaji, ambao kazi yao ni kumeza kila kijidudu kigeni. Kwa kawaida mlaji akisha kumeza hukitia kijidudu katika kifuko, na kifuko hicho huungana na kingine chenye tindikali na vimeng'enya, kijidudu kikasagwa. Bakteria wa kifua kikuu huuzuia muungano huo. Humezwa, lakini hasagwi. Hukaa ndani ya mlinzi, hula kwa mlinzi, huzaana ndani ya mlinzi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Huyu amepita nguo, ameingia tumboni mwa askari.

Hapo ndipo haja ya seli T ionekanapo. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kuwa siri ya kinga yote imo katika maji ya damu, yaani katika kingamwili zinazoelea humo. Mwaka 1945 Merrill Chase, aliyekuwa akifanya kazi New York, alionyesha kuwa mwamko wa mwili dhidi ya protini za kifua kikuu waweza kuhamishwa kutoka simbilisi mmoja hadi mwingine kwa kuhamisha seli hai, ilhali maji ya damu peke yake hayakuweza. Mwaka 1961 Jacques Miller, mjini London, aliwaondoa panya wachanga tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, iitwayo thaimasi, ambayo wengi walidhani haina kazi, akaona kuwa panya hao wamebaki karibu bila ya ulinzi. Herufi T katika jina la seli hizi ni ukumbusho wa tezi hiyo. Mwaka 1974 Rolf Zinkernagel na Peter Doherty, mjini Canberra, waligundua kuwa seli T haimtambui mgeni peke yake. Hutambua mambo mawili kwa pamoja: kipande cha mgeni, na alama ya mwenyeji iliyokibeba kipande hicho. Kwa ugunduzi huo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Katika habari hizi mna mambo matatu ambayo mtu wa maadili hana budi kuyatazama kwa makini.

La kwanza ni kwamba seli T hufunzwa kabla ya kupewa silaha. Katika thaimasi kila seli changa hutahiniwa mara mbili. Ile isiyoweza kabisa kuzisoma alama za mwenyeji hufa, kwa kuwa haina faida. Na ile inayozishambulia kwa nguvu alama za mwenyeji huuawa, kwa kuwa ni hatari. Sehemu kubwa mno ya seli zinazoanza mafunzo haimalizi. Mwili hukubali kupoteza wingi wa askari kuliko kumtuma mmoja asiyejua tofauti ya adui na jirani. Hata baada ya mtihani huo mkali baadhi hupenya, na mwili una njia nyingine za kuwazuia huko nje.

La pili ni kwamba seli T zilizo muhimu kuliko zote katika vita hivi, zile zenye alama ya CD4, haziendi kumpiga bakteria kwa mikono yao. Humwendea mlaji aliyevamiwa, husoma juu ya ngozi yake vipande vya protini za adui, kisha humpa kichocheo kiitwacho interferoni gama. Mlaji akikipokea huamka: kile kifuko kilichozuiwa huungana na tindikali, na sumu zilizokuwa zimelala hufanya kazi. Mwaka 1996 ilionyeshwa kuwa watoto waliozaliwa bila ya uwezo wa kukipokea kichocheo hiki huugua vibaya hata kwa bakteria dhaifu wa chanjo ya BCG, ambao mtoto mwingine huwashinda bila ya kujua. Ziko seli T nyingine, zenye alama ya CD8, ambazo huweza kuiua seli iliyovamiwa. Lakini kazi kubwa ya seli T katika kifua kikuu ni kumrudishia aliyetekwa nguvu za kujikomboa, badala ya kumhesabu kuwa ni mmoja wa maadui.

La tatu ni kuchelewa. Habari ya uvamizi haina budi kupelekwa kutoka pafuni hadi katika tezi za limfu, na huko itafutwe, katika umati wa seli T zisizohesabika, ile iliyoumbwa kwa namna ya kumtambua adui huyu. Nayo izaane, kisha isafiri kurudi pafuni. Kwa binadamu mwamko huo huchukua wiki mbili hadi nane kuonekana. Kwa muda wote huo bakteria wamekuwa wakijenga. Haki ya uchunguzi ina gharama yake, na gharama hulipwa kwa wakati.

Seli T zifikapo, mara nyingi adui amekwisha kuwa mwenyeji, na vita hubadilika kuwa mazingiwa. Walaji hujipanga kwa tabaka kuwazunguka wenzao walioambukizwa. Wengine hujibana mpaka hufanana na matofali ya ukuta. Seli T husimama pembezoni zikitoa vichocheo. Umbo hilo huitwa granuloma, au kwa neno jepesi, kinundu. Katikati ya kinundu nyama inaweza kufa na kugeuka kama jibini, na bakteria waliomo hunyimwa hewa na chakula, wakapunguza uhai wao mpaka karibu na usingizi. Uchunguzi wa nyani walioambukizwa umeonyesha kuwa katika pafu la mnyama mmoja kinundu hiki huweza kuwaua bakteria wake wote, na kile cha jirani kikashindwa. Ushindi na ushinde huweza kulala katika kifua kimoja.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa robo hivi ya watu wote duniani wamepata kuambukizwa bakteria huyu. Katika kila watu mia walioambukizwa, ni watano hadi kumi tu ambao huja kuugua katika maisha yao. Waliosalia huenda sokoni, hulima, hufundisha, huoa na kuolewa, huzaa na kuzeeka. Na ndani ya vifua vya baadhi yao umesimama ulinzi ambao hawajapata kuusikia. Huu ndio ushahidi wa kwanza, na unawapa nguvu watu wa rai ya pili. Kumzuia adui bila ya kumwangamiza si lazima kuwe udhaifu. Kwa watu wengi kumekuwa ndiko maisha yenyewe.

Lakini mtu asiharakie kuimba sifa za subira. Ukuta huu si wa mawe, ambao mjenzi hujenga akaenda zake. Ni ukuta wa walio hai, na husimama kwa kuwa kila siku kuna anayeushika. Hilo lilidhihirika kwa huzuni kubwa wakati wa ukimwi. Virusi vya ukimwi huziharibu hasa seli za CD4. Na kila zilipopungua, vinundu vilivyokuwa vimetulia kwa miaka mingi vilifunguka, na kifua kikuu kikawa miongoni mwa wauaji wakuu wa walioambukizwa virusi hivyo, Afrika Mashariki na kusini mwa Afrika kuliko mahali pengi. Ushahidi mwingine ulitoka upande usiotarajiwa. Mwaka 2001 madaktari walitoa taarifa ya wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kupewa infliksimabu, dawa ya kutuliza maumivu ya viungo na maradhi mengine ambayo kinga huupiga mwili wake. Dawa hiyo huzuia kichocheo kimoja, kiitwacho TNF. Kumbe kichocheo kile kilichokuwa kikitesa magoti na vidole ndicho pia kilichokuwa kikiushika ukuta pafuni. Amani isiyolindwa haikuwa amani.

Hapa watu wa rai ya kwanza huinua sauti. Ikiwa upungufu wa askari ni mauti, husema, basi wingi wao ni uhai. Na tiba ni kuzidisha moto. Hoja hii ina sura ya kweli, na wenye akili nyingi wamepata kuifuata. Mwaka 1890 Koch yuleyule alitangaza kuwa amepata dawa ya kifua kikuu, tuberkulini, iliyotengenezwa kwa dondoo la bakteria. Wagonjwa walimiminika Berlin. Dawa haikumuua bakteria. Ilizichochea seli za kinga zilizokuwa zimezunguka penye ugonjwa. Homa ilipanda, nyama za mapafu ziliwaka, na baadhi ya wagonjwa walikufa kwa moto wa kinga yao wenyewe. Tuberkulini ilikosa kuwa dawa, ikaja kuwa kipimo: tone dogo chini ya ngozi, na uvimbe unaojitokeza baada ya siku mbili au tatu ni alama kuwa seli T za mtu huyo zimekwisha kukutana na adui.

Tangu siku zile ushahidi wa hatari ya kupita kiasi umezidi kukusanyika. Mgonjwa wa kifua kikuu hatoboki mapafu kwa meno ya bakteria, kwa sababu bakteria huyu hana sumu ya kutafuna nyama kama walivyo nayo wengine. Mashimo ya mapafuni huchimbwa kwa sehemu kubwa na kinga yenyewe, kwa vimeng'enya vya seli zilizokasirika. Na shimo likisha kufunguka katika mkondo wa hewa, bakteria hupata mambo mawili waliyokosa: hewa ya kustawi na njia ya kutokea. Mgonjwa mwenye shimo ndiye huwakohoa kwa wingi. Kinyume chake, wagonjwa ambao seli zao za CD4 zimekwisha kupungua sana kwa ukimwi huwa na mashimo machache, na makohozi yao aghalabu huwa na bakteria haba, ingawa wao wenyewe hufa upesi zaidi. Maana yake ni nzito: barabara ambayo adui huipita kwenda nyumba ya pili imelimwa na mlinzi wa nyumba ya kwanza.

Jambo hilo lilitiliwa mkazo mwaka 2010, wataalamu waliposoma maandishi ya urithi ya bakteria wa kifua kikuu kutoka sehemu nyingi za dunia. Vijidudu vingi hubadilisha haraka sehemu zile zinazosomwa na kinga, kama mwizi abadilishavyo nguo baada ya kuonekana. Kwa bakteria huyu sehemu nyingi zinazosomwa na seli T zilikutwa ndizo zilizobadilika kidogo kuliko zote. Yaelekea hana hasara kubwa ya kutambuliwa. Yaelekea pengine hufaidika. Yuko adui ambaye hasira ya mlinzi ni sehemu ya chakula chake.

Mwili haukuachwa bila ya hatamu. Juu ya seli T kuna kipokezi kiitwacho PD-1, ambacho kikiguswa huipunguza seli kasi. Panya walionyimwa hatamu hiyo kisha wakaambukizwa kifua kikuu walikufa mapema kuliko wenzao. Seli zao za CD4 hazikuwa haba wala vivu, bali zilizidi mpaka. Dawa mpya za saratani zinazoifungua hatamu hiyo zimeokoa watu wengi, lakini kwa baadhi yao zimekiamsha kifua kikuu kilichokuwa kimelala. Mwaka 2004, huko Vietnam, ilithibitishwa kuwa wagonjwa wa kifua kikuu cha utando wa ubongo waliopewa deksamethasoni pamoja na dawa za kuua bakteria walikufa kwa uchache kuliko waliopewa dawa za kuua bakteria peke yake. Deksamethasoni haimgusi bakteria. Humtuliza mlinzi, kwa sababu ubongo hauna nafasi ya vita vikubwa. Na mwaka 2013 matokeo ya chanjo moja iliyojaribiwa kwa watoto wachanga huko Afrika Kusini yalionyesha kuwa iliziamsha seli T kama ilivyokusudiwa, lakini haikuwazidishia watoto hao ulinzi ulioweza kuthibitika. Idadi ya askari si ulinzi.

Kwa hiyo kila upande wa mjadala umepata shahidi, na kila upande umepata shahidi dhidi yake. Kupungua kwa moto huua. Kuzidi kwa moto huua. Aristoteli alifundisha kuwa ushujaa umesimama kati ya woga na ujahili, na kwamba kati hiyo haipimwi kwa kamba kama nusu ya shamba, bali hutafutwa upya kulingana na mtu, mahali na saa. Pafu humwunga mkono. Kiasi kinachofaa katika kinundu si kile kinachofaa katika ubongo, na kinachomfaa mwenye afya si kinachomfaa mwenye ukimwi. Mtu asemaye kuwa kiasi ni uvuguvugu hajatazama kazi inayofanywa katika ukuta huo usiku na mchana. Kumzuia adui kwa miaka hamsini bila ya kubomoa nyumba ni kazi ngumu kuliko kuitia nyumba moto.

Hoja mbili hupingana na maneno haya, nazo zina haki ya kusikilizwa.

Ya kwanza husema kuwa maumbile si mwalimu wa maadili. Seli T haina nia. Haisamehi, haivumilii, haichagui. Husukumwa na kemia. Simba hula mtoto wa swala, na hakuna mwenye akili anayefanya jambo hilo kuwa sheria ya nyumba yake. Hoja hii ni kweli, na yeyote anayetaka kutoa amri kutoka katika hadubini hana budi kunyamazishwa nayo. Lakini kutoa amri ni jambo moja, na kutoa ushahidi ni jingine. Watu wa rai ya kwanza hawasemi tu kuwa ulinzi usio na kiasi ni wajibu. Husema pia kuwa ndio unaofaulu, na kwamba kila ulinzi wenye hatamu umekwisha kushindwa. Hilo ni dai juu ya mambo yalivyo, na dai juu ya mambo yalivyo laweza kukanushwa na mambo yalivyo. Pafu halimwambii mtu atende nini. Humwondolea udhuru mmoja: udhuru wa kusema kuwa hapakuwa na njia nyingine ila moto.

Hoja ya pili ni chungu zaidi, nayo hutoka kwa wagonjwa. Ni rahisi, husema, kuisifu subira ya mwili kwa mtu ambaye ukuta wake umesimama. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 10.8 kuwa waliugua kifua kikuu, na watu milioni 1.25 kuwa walikufa kwacho. Kwa hao, adui aliyebakizwa aliamka. Hapana falsafa ipasayo kupita juu ya makaburi hayo kama kwamba ni hesabu ya pembeni. Nayo hoja hii huonyesha mpaka wa kweli wa kiasi. Kumfungia adui ni hekima pale ambapo hakuna njia ya kumwondoa isiyoharibu zaidi. Njia hiyo ikipatikana, kumwacha kunakoma kuwa subira, kunakuwa uzembe. Seli T haiwezi kujua kuwa nje ya mwili yapo maduka ya dawa, mwanadamu anajua. Isoniazidi ilianza kutumika mwaka 1952. Uchunguzi mkubwa ulioanzishwa mwaka 1970 katika Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia ulisaidia kuonyesha kuwa tiba iliyokuwa ikichukua mwaka na nusu huweza kukamilika kwa miezi sita. Na kwa aliyeambukizwa bila ya kuugua, zipo dawa za kuzuia, nyingine za miezi mitatu tu, zinazomfuata adui usingizini mwake bila ya kuunguza pafu. Mwili ulijenga ukuta kwa sababu haukuwa na jambo bora la kufanya. Aliye nalo hana haki ya kujificha nyuma ya ukuta ule.

Kuna upotovu mmoja wa fikira ambao huzaliwa hapahapa, na madhara yake huonekana majumbani kuliko vitabuni. Mtu aliyesikia kuwa mwili humzungushia bakteria ukuta huweza kudhani kuwa jamaa nayo ifanye vivyo hivyo kwa mgonjwa: atengewe sahani, atengewe kikombe, watoto wakatazwe kumsogelea, jina lake litajwe kwa sauti ya chini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayetenga hahisi uzito wa kutengwa. Fikira hiyo imekosea mahali pa ukuta. Anayezungukwa katika kinundu ni bakteria; mgonjwa ndiye nyumba. Tena seli T, kama ilivyoelezwa, haimwendei mlaji aliyevamiwa ili kumfukuza katika mwili, bali humwendea karibu kabisa, ngozi kwa ngozi, ili kumpa nguvu. Jambo hili halikuachwa kwa mifano tu. Mwaka 1959 matokeo ya uchunguzi uliofanywa Madras, India, yalitangazwa: wagonjwa waliotibiwa nyumbani mwao, katika vyumba vidogo na chakula haba, walipona karibu sawa na waliolazwa katika hospitali ya kifua kikuu, na jamaa walioishi nao hawakuugua zaidi kwa sababu ya kuwa pamoja nao. Mgonjwa akianza dawa zinazofaa, uwezo wake wa kuambukiza hushuka upesi. Hatari kubwa ilikuwa katika siku zile kabla ya kujulikana. Na aogopaye kutengwa ndiye achelewaye kujulikana. Woga wa majirani humfanyia bakteria kazi ileile ambayo hasira ya kinga humfanyia pafuni: humfungulia njia.

Tanzania ilitoa somo la namna nyingine. Mpango wake wa taifa wa kupambana na kifua kikuu, ulioanza katika miaka ya 1977 na 1978 kwa msaada wa Karel Styblo, haukutegemea silaha mpya. Ulitegemea hadubini katika vituo vya wilaya, daftari la kila mgonjwa, dawa zisizokatika, na mtu wa kumwona mgonjwa akizimeza. Mpango huo ulikuja kuwa kielelezo cha dunia. Ulikuwa mwenendo wa seli T uliochukuliwa kwa hiari na watu wenye akili: kutambua kwa uangalifu, kumfikia kila mmoja, kudumu bila ya kuchoka.

Neno kudumu ndilo linalosahauliwa katika mijadala ya ulinzi. Watu hubishana juu ya ukali na upole, na huacha kuuliza ni nani atakayekuwapo kesho asubuhi. Ukuta wa kinundu huanguka kwa njaa, kwa kisukari, kwa ulevi, kwa uzee na kwa ukimwi. Yaani huanguka pale ambapo mlinzi hakulishwa au hakutunzwa. Mtu anayelala na wenzake wanane katika chumba kisicho na dirisha hajakosa ushujaa wa seli, amekosa dirisha. Kumsifu mtu huyo kwa kinga yake na kumwacha katika chumba kile ni kumkopa mlinzi mshahara wake. Wenye rai ya moto na wenye rai ya subira wote wana deni kwake, na deni hilo halilipwi kwa hoja. Hulipwa kwa dirisha, kwa chakula, na kwa dawa isiyokatika mpaka mwezi wa sita.